Ng'ombe Kumi na Wawili wa Mama Felista

Aibu niliipata, sikatai, tena mbele ya kijiji kizima, lakini anayedhani nitaomba radhi kwa yote atangoja sana.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeingia, ruzuku ya mbolea imeondolewa, na mradi wetu pale Sumbawanga ukataka kujua kama kulima kwa plau kunaongeza mahindi, ili watu wakopeshwe plau na maksai. Mtu wa hesabu ni mimi. Wafugaji wa Kisukuma wenye ng'ombe wa kukokota plau walikuwa wachache, kwa hiyo kwenye sampuli tuliwajaza makusudi kuliko idadi yao halisi (la sivyo jembe la mkono tungelilinganisha na nini?). Bosi akaniuliza, "Umeweka uzito, kila kaya ihesabiwe kadiri ya kaya inazoziwakilisha?"

"Hapa hauhitajiki, bosi. Natafuta uhusiano wa plau na mavuno tu, na ufugaji tayari umo kwenye hesabu, kwa hiyo wingi wa wafugaji hautaupotosha."

Nilikuwa sahihi, na leo bado niko sahihi! Kilichoniponza ni uvivu: wastani wa mifugo nao nikautoa kwenye sampuli ileile, bila uzito, nikaenda nao mkutanoni kijiji kimoja njia ya Kaengesa, nimevaa suti yangu ya mtumba, nikatangaza, "Ndugu wananchi, kaya ya kawaida hapa kijijini ina ng'ombe kumi na wawili."

Mama Felista, mjane aliyekuja na jembe lake begani, akauliza, "Mwanangu, wangu umewafunga wapi, nikakamue?"

Wee! Walicheka hadi mwenyekiti akafuta machozi, vijana wa nyuma wakalia kama ndama, na mgeni wetu mwenye hela za mradi akafunga begi lake akisema kama watu ni matajiri hivyo, mkopo wa nini?

Kicheko kikakatika. Mbolea hawaimudu, sasa na plau inaondoka kwa sababu yangu. Nikapanda juu ya benchi, jasho linanitoka: "Wastani utupeni, ni wa kijinga na ni wangu! Habari ya plau msiiguse!"

Mgeni akaamuru nirudie hesabu zote kwa uzito. Nikarudia, nimenuna. Ng'ombe waliyeyuka karibu wote. Faida ya plau ikabaki palepale, na mkopo ukatoka.

Wastani bila uzito sitausoma tena mbele za watu, naapa. Ila kwenye ile hesabu ya plau siweki uzito, hata mnifunge kamba!

Mama Felista alipata maksai wawili. Kila nikimwamkia tukikutana Kizwite, jibu lake ni lilelile: "Marahaba, mwanangu. Bado kumi."