Jina la Bukuru Lamboni

Nikiwa mtoto wa miaka tisa kule Murungu, Kibondo, nilikuwa na kaka wawili: mmoja hai, na mwingine aliyekufa kabla sijazaliwa. Huyo wa pili nilimwogopa kuliko chui. Walikuwa mapacha. Kwetu sisi tuliotoka Burundi, pacha hatafutiwi jina. Anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na mtoto anayezaliwa baada yao, kama mimi, ni Chiza. Butoyi hakumaliza hata wiki mbili duniani. Bukuru akakua, akawa mrefu, mbishi, na mvuvi hodari wa kambale.

Bibi yetu mzaa baba alikuwa na sheria nyingi, ila moja ilizizidi zote: pacha aliyebaki asiitwe kwa jina karibu na maji yaliyotuama. Mwenzake yumo humo anamtafuta, alisema, na akilisikia jina atajua alipo, atakuja kumchukua. Alituambia hayo huku anamenya mihogo, kwa sauti ile ile ya kutuma mtu chumvi, na pengine ndiyo maana niliamini kila neno. Tukiwa lamboni nilimwita kaka yangu kwa mluzi. Mluzi wenyewe ulikuwa upepo mtupu, naye alinicheka kila mara.

Lambo hilo lilichimbwa bondeni kwa ajili ya ng'ombe. Upande wa pili wa tuta, wanaume waliokimbia vita vya Burundi miaka ya tisini walikuwa wakifyatua matofali. Hatukuwaona, lakini tuliwasikia wakiponda udongo kwa miguu na kubishana kwa Kirundi. Jioni Bukuru aliwauzia samaki.

Siku ninayoisema ilikuwa alasiri, mwisho wa kiangazi. Maji yalikuwa yamepungua, yamezungukwa na tope lililokauka juu na kupasukapasuka. Bukuru alipenda wakati huo kwa sababu samaki hawana pa kujificha. Alinifundisha nisitazame maji yalipo maangavu, nitazame vipovu vidogo vinavyopanda kwa mstari, kwani hapo kambale anajigeuza kwenye tope. Unatupa ndoana mbele ya mstari, si juu yake. Tulikuwa na minyoo tuliyoichimba chini ya migomba, pale tunapomwaga maji ya vyombo, na kufikia saa kumi tulishapata wanne.

Wa tano alikuwa mkubwa. Aliuvuta mshipi hadi kwenye kisiki kilichozama, ukanasa. Ndoana ile ndiyo pekee tuliyokuwa nayo, kwa hiyo Bukuru alivua shati akaingia. Maji yalimfika kiunoni. Akainama kuutoa mshipi, akajaribu kunyanyua mguu, ukakataa kutoka topeni. Alicheka. Akajaribu mwingine, maji yakapanda kifuani, na hapo hakucheka tena.

Alipiga kelele za kuomba msaada. Ng'ambo ya tuta mtu akacheka. Watoto walioogelea pale walizoea kujifanya wanakufa, na wanaume wale walishachoka kukimbia bure. Ila mmoja aliuliza, "Ni nani huyo?"

Bukuru alikuwa ameyameza maji, anakohoa. Alinitazama. "Chiza, waambie ni mimi," akasema. "Nitaje."

Nilitazama maji nyuma yake. Yalikuwa ya kahawia, yametulia kabisa, na niliona kwa yakini kwamba mtu wa kimo chake alikuwa amesimama humo akingoja nifungue mdomo. Nilitia vidole mdomoni nikapuliza. Haikutoka sauti. Yule mwanamume akauliza tena ni nani. Nikanyamaza. Kisha nikasikia miguu ikianza kuponda udongo upya.

Leo najua ningeweza kusema ni kaka yangu, yakaisha. Lakini waliuliza nani, na kwangu jibu la nani lilikuwa jina, na jina lilikuwa limenikaa kooni. Nimejitetea hivyo kwa miaka mingi, na utetezi wenyewe haunitoshi.

Maji yalimfika kidevuni. Aliinua uso juu, macho yakiwa bado kwangu. Mara ya tatu sauti ilitoka karibu zaidi, ya mzee mmoja aliyekuwa na wasiwasi, ikiuliza ni mtoto wa nani. Maji yakamfunika mdomo. Hapo nikapiga ukelele, "Ni Bukuru! Ni Bukuru wetu!" nikafumba macho ili nisimwone anayekuja.

Waliokuja ni wanaume watano wenye udongo mapajani. Walilaza mbao za matofali juu ya tope, wakamng'oa. Alitapika maji meusi kwa muda mrefu, mimi nikiwa nimeshika samaki wetu wanne.

Nyumbani nilijificha nyuma ya ghala nikisubiri fimbo. Bibi alinifuata huko, akachuchumaa mbele yangu. Aliuliza kama ni kweli nilimtaja pale majini. Nikakubali. Akauliza waliniuliza mara ngapi kabla sijamtaja. Nikamwambia ilikuwa mara ya tatu.

Alifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Mwana wanje," alisema, yaani mwanangu, "ulichelewa."

Hakuirudia tena ile sheria, wala hakuikana. Nadhani aliitunga ili tuliogope lambo, au aliiamini kama mimi; sikuthubutu kumuuliza hadi tunamzika. Nami nina watoto, na kila ninapotaka kuwatisha kwa ajili ya usalama wao, ulimi huwa mzito.

Kifua cha Bukuru hakijapona vizuri tangu siku ile. Tukikutana kwenye harusi au msiba, ndugu hupenda kusimulia jinsi Chiza mdogo alivyopiga ukelele akamwokoa kaka yake, na watu hunipigia makofi. Bukuru husikiliza hadi mwisho, hukohoa kidogo, na hanitazami.