Chungu cha Mzee Valji

Ilikuwa saa nne kasorobo asubuhi, na mama yangu alikuwa anafukua vyungu kutoka kwenye majivu ya moto wa jana. Harufu ya nyasi zilizoungua na kinyesi kikavu cha ng'ombe ilikuwa imetanda uani kwetu. Mpaka leo nikiipata harufu hiyo popote, hunirudisha pembeni mwa mji wa Bariadi, pale barabara ya kwenda Nkoma ilipoacha maduka na kuingia katika mashamba ya pamba. Mama alikuwa mfinyanzi. Alivitoa vyungu kimoja kimoja kwa kijiti kirefu, akavipanga juu ya nyasi, na vilipopoa alivigonga kwa kifundo cha kidole. Kisicho na ufa kililia kama kengele. Chenye ufa kilijibu kama mtu mwenye mafua. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kuvifuta majivu kwa kitambaa. Hapo ndipo Mama Valji alipopita kwenye mlango wa ua wetu wa minyaa, amevaa nguo nyeupe tupu, bila bangili hata moja, akasimama mbali kidogo na moto.

“Mwangaluka, mayu,” alimwamkia mama kwa Kisukuma alichojifunza miaka mingi nyuma ya meza ya duka. Mama aliitikia, akaniagiza nilete kigoda. Sote tulijua kilichotokea. Mzee Valji, mumewe, alikuwa amefariki Jumapili, na jioni ya Jumatatu walimchoma kwa kuni ukingoni mwa mto mkavu, kama dini yao inavyotaka. Tulikatazwa kwenda kutazama, lakini moshi hauna mpaka. Tuliuona ukipanda wima, na baadhi yetu tukadai kwamba tulisikia harufu ya samli wanayoimimina juu ya kuni. Kwa watu wetu, ambao humlaza maiti ardhini na kumfunika udongo, jambo hilo lilikuwa zito kulizungumza. Bibi zetu walikuwa wanashusha sauti walipolitaja.

Kabla sijaendelea nieleze huyo Mzee Valji alikuwa nani kwetu. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kushindana na chama cha ushirika, na maduka yaliyozoea kuwa na rafu tupu yalijaa bidhaa ambazo hatukuwahi kuziona. Duka la Mzee Valji ndilo lililoleta ndoo za plastiki kwanza. Alizitundika mlangoni, nyekundu na za bluu, zikabembea kama maboga. Ndoo ilikuwa nyepesi kichwani, haikuvunjika kisimani, na mwanamke aliyenunua moja hakuhitaji mtungi tena kwa miaka. Kwa hiyo mtu huyo, kwa biashara yake halali, alikuwa anaukata mkate wa mama yangu taratibu, na mama alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mama Valji alieleza shida yake bila kuzunguka. Siku ile ilikuwa lazima akusanye majivu na vipande vya mifupa, avinyunyizie maziwa, avitie katika chombo cha udongo ambacho hakijawahi kutumika. Baadaye mwanawe wa pekee, aliyekuwa masomoni ng'ambo, angekuja kuyachukua ayamwage ziwani Mwanza. Mama alimsikiliza, kisha akaenda nyuma ya nyumba akarudi amebeba kile chungu kikubwa cha kuchachulia pombe, ambacho watoto wawili wangeweza kujificha ndani. Mzee Valji alikuwa mtu wa mwili mkubwa, na mama alikadiria kama mtu anavyokadiria kaburi.

Mama Valji alikitazama, akatikisa kichwa. Aliinama kwenye vile vilivyokuwa juu ya nyasi, akaonyesha mtungi mdogo wa maji. Mama akaona haya kwa niaba yake. Alinieleza baadaye kwamba alidhani ni ubahili wa mjane.

“Mayu, mtu mzima yule, atatosha humo?”

“Atatosha, Mama Limi. Moto hauachi vingi.”

Mama alikubali. Halafu akauondoa ule mtungi, si kwa sababu ya ukubwa. Mtungi wa maji huchomwa kwa moto mwepesi ili utoe jasho na kupoza maji. Ungeyatia majivu unyevu. Akampa chungu cha mboga cha ukubwa uleule, ambacho udongo wake huchanganywa na vigae vilivyotwangwa, kikachomwa hadi kikakauka. Alikigonga mbele yake, kikalia. Mjane alipofungua fundo la nguo yake atoe hela, mama alimshika mkono. Kwetu mtu haendi msibani mikono mitupu, na mama alikuwa bado hajaenda.

Ombi la pili lilikuwa gumu zaidi. Majivu yale, kwa desturi yao, hayaingii ndani ya nyumba. Hutundikwa kwenye mti mpaka siku ya kupelekwa majini. Nyumba ya Mama Valji ilikuwa duka mbele na uwanja wa saruji nyuma, bila hata kichaka. Jamaa zao walikuwa wamehamia Mwanza zamani. Uani kwetu palikuwa na mkwaju. Mama aliutazama mkwaju, akanitazama mimi, akasema kilete. Jioni ile chungu kilikuja, mdomo wake umefungwa kitambaa chekundu, mama akakitundika kwa kamba ya katani kwenye tawi ambalo mbuzi hawakulifikia.

Kwa wiki za kwanza watu walifanya utani. Jirani yetu Ng'wana Masanja, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na mkono wa kukopa, alisimama kila asubuhi kwenye ua.

“Mwenye ndoo kaja kulala kwenye chungu,” alisema. “Na mgeni siku mbili, Mama Limi, ya tatu mpe jembe. Huyu wako utampa nini?”

“Huyu wangu ananyamaza,” mama alijibu, “na haji kuomba chumvi.”

Utani ukaisha mvua zilipochelewa. Mashamba yalikuwa yamelimwa, mbegu za pamba zimegawiwa, na anga lilibaki jeupe kama bati. Watu wakaanza kusema kwamba maiti asiyefunikwa udongo hufunga mvua, na kwamba sababu ilikuwa inaning'inia mkwajuni kwetu. Wanawake waliokuja kutoka vijijini kununua vyungu walifika mpaka kwenye minyaa, wakageuka. Wengine walisema wazi hawawezi kupikia watoto wao katika chungu kilichochomwa karibu na mtu aliyechomwa. Vyungu vikajipanga ukutani, safu juu ya safu. Baba alikuwa mbali na ng'ombe, upande wa Mwanhuzi, akitafuta malisho. Chakula cha nyumbani kilitegemea vyungu vile, na barua kutoka ng'ambo zilisema mwana bado anatafuta nauli.

Siku moja balozi wa nyumba kumi alikuja na wazee wawili. Walikaa, wakanywa maji, wakauliza habari za baba na mifugo. Kisha balozi, mtu mpole aliyekuwa na ng'ombe wengi, akasema hawakuja kugombana, ila wanaomba chungu kirudishwe kwa mwenyewe au kikatupwe mtoni kimyakimya kabla watu hawajachukua hatua. Niliona mikono ya mama ikisugua udongo uliokauka kwenye vidole. Nilitamani akubali. Nilikuwa nimechoka kuitwa mtoto wa nyumba ya majivu, na tulikuwa tunakula mlo mmoja.

“Baba,” mama alimwambia balozi, “ng'ombe wako walioko Shishiyu kwa rafiki yako, uliomfugisha, malisho yakipungua anawatupa porini?”

Balozi akaweka kikombe cha maji chini.

“Nami nimefugishwa. Nilikipokea mbele ya mwenyewe, kitaondoka mbele ya mwenyewe.”

Kwa wafugaji, ng'ombe wa kufugishwa ni ahadi ambayo ukoo mzima hubeba aibu yake ikivunjwa. Mzee mmoja alicheka kidogo, akamwambia balozi kwamba mwanamke huyu kamfunga kwa kamba yake mwenyewe. Wakaaga. Hakuna aliyechukua hatua.

Mvua ilinyesha wakati chungu kikiwa bado juu ya mti. Ilianza mchana, kubwa, na mama alitoka mbio akakiteremsha, akakiweka chini ya mkwaju juu ya jiwe, akakifunika kwa kile chungu kikubwa cha pombe. Alirudi ndani ameloa, akaketi akiangalia nje. Mwana alifika pamba ikiwa imeshaota. Alikuwa kijana mwembamba, aliyevua viatu kwenye mlango wa ua bila kuambiwa. Akakipokea chungu kwa mikono miwili, mama yake akisimama kando, akaondoka nacho kwa basi la Mwanza. Duka liliuzwa mwaka huohuo.

Nilitegemea kwamba baada ya mvua wateja wangerudi. Hawakurudi. Walipoacha kuja kwetu walikwenda kununua ndoo na sufuria, na aliyekwisha kuzoea ndoo harudi kwenye mtungi. Kwa hiyo sijui kwa hakika kipi kilichomaliza kazi ya mama, majivu ya Mzee Valji au bidhaa zake; nadhani hata bila majivu ingechukua miaka miwili au mitatu tu. Leo Bariadi ni makao ya mkoa. Misiba ina maturubai ya kukodi, viti vya plastiki na vipaza sauti, na msiba ukiisha kila kitu hupakiwa kwenye gari kabla ya jioni. Sisemi kwamba ni vibaya. Nasema tu kwamba sijaona tena mtu akiombwa kumtunza marehemu wa mwenzake kwa msimu mzima, wala anayekubali.

Mwaka jana nilimketisha mama, ambaye sasa macho yake ni hafifu, tukakumbuka pamoja vyungu vilivyobaki ukutani mpaka vikapasuka au vikawa vya kunyweshea kuku. Tulipata arobaini na saba, kwa bei ya wakati ule ya shilingi mia nne kila kimoja. Nilipomsomea jumla, aliniuliza kama nimekihesabu na cha Mzee Valji. Nikasema ndiyo.

“Hicho kitoe,” alisema. “Hicho hakikupotea.”

Nikakitoa. Hasara ya mama yangu msimu ule ilikuwa shilingi elfu kumi na nane na mia nne.