Diski Tatu za Mwalimu Salvatory

Sebuleni kwa Coletha, Nangara, televisheni imesogezwa pembeni na kompyuta imekaa katikati. Ni mashine nzito. Weupe wake umegeuka rangi ya chai ya maziwa, na juu yake pana kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kabla ya kuiwasha anakitoa kitambaa, anakikunja mara nne, anasubiri stebilaiza itulie, ndipo anabonyeza swichi. Maandishi yanatokea kwa rangi ya kijani. Vijana wa bodaboda wanaomletea mizigo humuuliza kama inaingia WhatsApp. Yeye huwajibu kwamba mashine hiyo imewazidi umri, kwa hiyo kwanza waiamkie.

Alikuwa mpiga chapa, baadaye katibu muhtasi, katika ofisi moja ya kilimo hapa Babati. Mashine ya sebuleni ndiyo aliyoitumia kwa miaka kumi na moja. Ofisi ilipoiuza kwenye mnada wa vifaa chakavu aliinunua yeye, maana hakupenda kuona mtu akiigeuza meza ya kuku. Mwaka uliofuata akachukua nyingine iliyotupwa nyuma ya shule, kisha nyingine kutoka duka la vitabu lililofungwa. Mpaka mwaka jana zilikuwa kumi na tisa, na saba kati ya hizo zilikuwa zinawaka. Kila moja ina kadi yake, mfano wa kadi ya kliniki ya mtoto: tarehe ilipofika, ilivyokuwa, alichosafisha, siku ilipowaka. Zote aliziweka stoo, nyuma ya nyumba, isipokuwa ile ya sebuleni. Kadi ya hiyo ilikuwa na mstari mmoja tu: "Haijabadilishwa kitu."

Mstari huo ulikuwa na maana kwake. Alikuwa na sharti kwamba mashine haiponywi kwa kuichinja nyingine. Iliyokosa kifaa husubiri, hata miaka mitatu, mpaka kifaa chake kipatikane. Mume wake, Damasi, ambaye ni mkulima, alikuwa akisema kwamba mkewe ana zizi la ng'ombe kumi na tisa na hajawahi kumletea kikombe cha maziwa.

Tarehe 26 Mei mwaka jana, Mwalimu Salvatory aliletwa kutoka Singe na mjukuu wake. Ana miaka sabini na tisa. Presha ya macho imemwachia mwanga tu; anajua dirisha liko wapi, lakini hajui nani amesimama mbele yake. Alikuwa na bahasha, na ndani yake diski tatu za zamani, zile pana nyeusi zinazopinda ukizishika vibaya. Mwaka 1992 alikuwa akifundisha katika shule iliyokuwa na kompyuta moja, na kila Jumamosi aliingia ofisini kuandika misemo ya mama yake kwa Kigorowa, kila msemo na maana yake kwa Kiswahili. Alifikisha 412. Mama alifariki, mashine ya shule ikaharibika, na karatasi alizoandikia kwanza zililiwa na mchwa. Zilibaki hizo diski.

Aliomba jambo moja tu. Hakutaka kitabu wala kompyuta. Alitaka mtu amsomee, asikie.

Coletha alimwambia kwamba katika mji huu anaijua mashine moja tu inayoweza kusoma diski pana kama hizo, nayo iko stoo na inawaka. Lakini kwake diski iliyokaa miaka thelathini haiingizwi kwenye mashine siku inayofika. Kwanza hukaa siku tatu ndani ya kopo la biskuti lenye mchele mkavu, ili unyevu utoke. Aliziweka humo. Siku ya pili simu ikapigwa kutoka Dareda: binti yake, Goodness, amejifungua. Mama mzazi hawezi kuitwa arobaini ya mwanawe akasema ana diski kwenye mchele. Alifungasha, akaenda kumkanda na kumpikia uji kwa siku arobaini, kama inavyotakiwa.

Mwaka huo mahindi yalikubali. Gunia thelathini na nne zilizidi nafasi ya kawaida, na Damasi akazipanga stoo, kando ya kompyuta za mkewe. Kabla ya kufunga aliweka vidonge vya kufukiza wadudu, kama wafanyavyo watu wengi hapa. Kisha akakumbuka kwamba mwaka uliotangulia sisimizi walitaga ndani ya mashine moja na mkewe alihangaika nao wiki nzima. Akaona hapa ndipo pa kumfanyia wema. Alifunga kidonge kimoja kimoja katika kipande cha kitambaa, akakiweka ndani ya kila mashine aliyoweza kuifungua, akafunika kila kitu kwa turubai, akafunga mlango.

Coletha alirudi katikati ya Julai. Walifungua mlango na madirisha, wakaiacha stoo ipate hewa siku mbili. Alipoifungua ile mashine ya diski pana, alikuta meno ya shaba, yale yanayoshika nyaya, yamekuwa meusi kama sufuria ya kuni. Ile hewa ya vidonge inayoua dumuzi wa mahindi hula pia shaba. Damasi hakujua. Na ni wangapi wanaojua? Coletha aliwasha, hakuna kitu. Akawasha ya pili, ya tatu. Zote zilizokuwa stoo zilikaa kimya.

Damasi alikuwa amesimama mlangoni, anasubiri kushukuriwa.

"Sisimizi wamo?" aliuliza.

"Hawamo," Coletha alijibu. "Na mashine nazo hazimo, Baba Goodness."

Ilibidi amweleze mara mbili. Siku hiyo Damasi hakula mchana. Kesho yake asubuhi alikwenda dukani akarudi na raba saba za kufutia, zile za wanafunzi, kwa sababu alisikia mkewe akisema kwenye simu kwamba weusi unaweza kutolewa kwa raba. Alikaa barazani na kusugua jino moja baada ya jingine kwa mikono iliyozoea jembe, na jirani aliyepita alimuuliza kama ameanza darasa la kwanza. Alisema ndiyo, na mwalimu ni mkali.

Walisugua siku nne. Katika ile mashine ya diski pana, weusi wa juu ulitoka, lakini chini yake shaba ya bodi kuu ilikuwa imeliwa mpaka imekatika. Coletha alimwita Hatibu, fundi redio wa karibu na stendi, ambaye amemsaidia miaka mingi kuchomea kwa lehemu. Hatibu aliigeuza bodi kwenye mwanga wa jua akahesabu nyuzi zilizokatika. Alipofika arobaini aliacha.

"Huyu tumzike, Mama Goodness," alisema. "Lakini draivu yake, ile inayosoma diski, ni nzima. Meno yake ni machache, yamesafishika. Itie kwenye mashine yenye afya."

Mashine yenye afya ilikuwa moja, ya sebuleni. Yenyewe ilikuwa na draivu ya diski ndogo, na nafasi ya draivu ni moja. Ili kuingiza ile pana ilibidi kung'oa ya asili na kukata uso wa plastiki kwa msumeno, na kilichokatwa hakiungwi. Hatibu alisema atarudi Ijumaa kusikia jibu.

Kwa siku mbili Coletha hakuigusa. Alipika, alienda jumuiya, alipalilia mboga. Damasi hakuwa na haki ya kumshawishi. Alhamisi Coletha alitembea mwenyewe mpaka Singe kumweleza Mwalimu ukweli wote, vidonge na kila kitu. Alitarajia lawama. Mwalimu alicheka kidogo, akasema kwamba mama yake angekuwepo angeuliza dumuzi walikufa au la. Kisha akamuuliza diski ziko wapi. Coletha akasema ziko kwenye mchele. Mwalimu akamwomba, kama hazisomeki, amrudishie tu, azishike.

Ijumaa Hatibu alikuta uso wa mashine umeshawekwa alama kwa penseli na rula. Coletha alikata mwenyewe. Damasi alishikilia plastiki isitetemeke. Alipomaliza kukata, Coletha alichukua kadi, akafuta ule mstari kwa kupiga mstari mmoja juu yake, usomeke bado, akaandika chini: "Imekatwa tarehe 25 Julai kwa ajili ya diski za Mwl. Salvatory."

Jumapili, saa tisa alasiri, Mwalimu alikalishwa karibu na mashine, upande wa sikio lake zuri. Damasi alileta chai. Coletha alisafisha kichwa cha draivu kwa pamba na spiriti, akaingiza diski ya kwanza. Draivu ilikoroma, ikakwaruza, ikanyamaza. Ikakoroma tena. Maandishi ya kijani yakaanza kushuka.

Coletha ni Mwiraqw wa Dareda, na lugha yake ni jirani ya Kigorowa. Alianza kusoma msemo wa kwanza kwa Kigorowa kama ulivyoandikwa, na Mwalimu akainua mkono.

"Unamsomea mama yangu kwa Kiiraqw," alisema. "Rudia. Taratibu."

Akarudia. Mwalimu akausema naye, akamalizia kabla yake. Kisha Coletha akasoma maana yake kwa Kiswahili: mvua haikuulizi kama umemaliza kulima. Baada ya hapo Mwalimu hakukatiza mpaka wa ishirini na tatu, alipomwomba asimame kidogo, akafuta macho, akasema aendelee.

Kila ukurasa uliotokea Coletha aliunakili kwenye kaunta buku kabla ya kuita mwingine, kwa hiyo kazi ilichukua Jumapili nne. Diski ya kwanza ilisomeka yote. Ya pili ilisumbua mahali pawili, akaisafisha, ikasomeka. Ya tatu ilikuwa na ukungu ndani. Aliijaribu Jumapili ya nne mara sita, akaitoa.

Alimwambia Mwalimu wazi kwamba wameishia 274, na misemo 138 haitapatikana. Damasi, aliyekuwa kwenye kiti cha mlangoni, aliinamisha kichwa. Coletha alimwambia palepale kwamba hili si la vidonge. Ukungu ule ni wa miaka.

Mwalimu akasema, "Nisomee huo wa mwisho tena."

Akasoma: anayechelewa kuvuna hugawana na ngedere.

"Mama hakuwa anausema huo ukiwa peke yake," Mwalimu alisema. "Akiusema, kaka yangu mvivu alikuwa anacheka. Ndipo mama anamgeukia, anamwambia..." Akausema kwa Kigorowa, haraka, kwa sauti nyembamba ambayo haikuwa yake. Kisha kwa Kiswahili: "Na asiyepanda asimtukane ngedere."

Damasi alicheka kwa sauti. Coletha alikuwa ameshaandika 275 pembeni ya ukurasa.

"Halafu?" aliuliza.

Mwalimu aligeuza uso kuelekea dirishani, akawaza, akautaja mwingine. Siku hiyo walifika 281.