Mwalimu wa sayansi alivyozimaliza spika zangu, na kesi ikaangukia mikononi mwa mkwe

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo. Ninachoandika hapa kimenikuta mimi mwenyewe, na ukucha bado ni mweusi. Asiyeamini aje Same, apande mlimani, nitamwonyesha.

Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nikikosea mnivumilie. Majina nitayataja. Sioni sababu ya kumficha mtu aliyeniharibia.

Mimi ni mtu wa spika. Huku kwetu ukisikia kipaimara au harusi, hata mnada kule chini Makanya, ule mziki unaotikisa mabati ni wangu. Spika mbili kubwa na amplifaya, basi. Ndiyo jina langu mtaani.

Sasa binti yangu mkubwa, Namsifu, alipata mchumba wa Kighare, huko Ugweno. Upande wa mwanaume wakasema Jumamosi wanaleta posa. Nikawapigia simu mwenyewe, nikawaambia wasihangaike na chochote kuhusu mziki. Nilijisifu wakuu, sifichi. Nikasema wataisikia posa yao wakiwa bado wanapandisha kona za chini.

Alhamisi nawasha mitambo nijaribu. Kimya.

Nageuza spika ya kwanza, nyuma kuna tundu. Ya pili, tundu. Zile sumaku nene za duara, zote mbili, hakuna. Pembeni limelala shoka la mama yao.

Mhalifu wa kwanza: Nanzia, binti yangu mdogo, darasa la nne. Hata hakukataa. Akasema mwalimu kaagiza kila mtoto aje na sumaku, na atakayeleta kubwa atakaa mbele.

Mnaojua shule zetu mnajua. Mtoto akiambiwa alete fagio, anakuja na fagio. Dumu la maji, anakuja na dumu. Hakuna aliyewahi kuuliza linatoka wapi. Lakini wiki hiyo ndiyo nikaelewa kwa nini redio za kijiji kizima zilikuwa zimekufa kwa pamoja. Jirani yangu Mama Kiondo alikuwa ameshampigia Mungu magoti kwa ajili ya ile redio yake.

Mhalifu wa pili, na ndiye mkubwa: Mwalimu Mbonea. Kijana, amekuja juzi, kila kitu kwa vitendo.

Nikashuka shuleni. Darasa zima likasimama likanipa shikamoo kwa wimbo. Nikaitikia, hasira haizuii adabu. Sumaku yangu moja ipo mezani kwa mwalimu. Ya pili wameipachika kwenye kabati la chuma, imeng'ang'ania kama kupe.

Mwalimu akaniambia kwa heshima, "Baba Nanzia, tumalizie kipindi kwanza."

Sikumsikiliza. Nikachukua ya mezani kwa mkono wa kushoto, nikaenda kuing'oa ya kabatini kwa mkono wa kulia.

Wakuu, vile vitu vinapendana kuliko watu. Ya kabatini ilipoachia tu, ikaruka ikamfuata mwenzake, na katikati yao kikabaki kidole changu cha shahada.

Sikulia. Nilitoa sauti tu.

Mtu mwingine angekimbia kunisaidia. Mwalimu Mbonea akawageukia wanafunzi, uso umemng'aa.

"Darasa, ncha zisizofanana?"

"Zinavutana," wakaitika wote.

"Na mzee wetu yuko wapi?"

"Katikati."

Akauliza sumaku inapotezaje nguvu. Mikono ikajaa hewani, mimi mwalimu, mimi mwalimu. Mmoja akasema inachomwa moto. Sahihi. Mwingine akasema inagongwa kwa nyundo. Sahihi. Kuna mtoto mmoja, wa huyo huyo Mama Kiondo, hakusubiri hata kuulizwa, alishatoka kwenda kutafuta nyundo.

Ndipo Nanzia akasimama. "Baba, usivute. Telezesha pembeni."

Nikatelezesha. Kidole kikatoka. Wakampigia makofi yeye. Mimi niliyekuwa na maumivu nikaambiwa nikae dawati la nyuma nipumzike.

Sumaku nikakataliwa. Mwalimu akasema hata nikizichukua, spika iliyopigwa shoka hairudi. Sikuamini, ningemwaminije?

Najua mnavyotusema Wapare kwa kupenda kesi. Semeni. Nikaenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wetu, Mzee Mrutu, huyu ndiye mhalifu wa tatu. Akasema kesi atasikiliza Jumamosi asubuhi, tena uwanjani kwangu, maana wajumbe lazima waone spika kwa macho.

Ningeweza kusema tuahirishe, Jumamosi nina wageni. Mdomo ulikataa kabisa. Kesi imekubaliwa, halafu mimi mwenyewe niisogeze? Nikajipa moyo kuwa mpaka mchana tutakuwa tumemaliza.

Mchana ndiyo kwanza Mama Kiondo alikuwa anaanza ushahidi wa redio yake.

Wakwe wakafika. Wakakuta uwanja umejaa watu, spika zimelazwa kifudifudi kama maiti, na mimi nimefungwa kitambaa kidoleni nanyoosha mkono niongezewe muda. Namsifu aliingia ndani akajifungia. Nikajua posa imekwisha, tena mimi ndiye niliyeiua.

Mkwe mkubwa, Mzee Mvungi, akasimama akauliza kuna nini. Akaelezwa. Akavua kofia. Akaomba kiti. Kisha akaomba kila kitu kielezwe upya kuanzia mwanzo, maana mwalimu hana mtu wa kumsemea.

Wakuu, mkwe wangu akamtetea mshtakiwa.

Akaniuliza, "Aliyechukua ni mtoto wa nani?"

Wangu.

"Na aliyefundishwa kwa hizo sumaku ni mtoto wa nani?"

Wangu.

"Sasa mkwe, unamdai nani?"

Nilikuwa na majibu kumi. Lakini utambishia vipi mtu ambaye hata posa hajaitoa mfukoni?

Hukumu: sumaku zibaki shule. Mwalimu Mbonea akanyoosha mkono, akasema kwa kuwa mada inayofuata ni umeme, anaomba na ule waya wa shaba uliobaki ndani ya spika. Akapewa. Mzee Mvungi ndiye aliyeushika akimsaidia kuuchomoa.

Posa ikatolewa jioni, kimya kimya bila mziki, na Mzee Mvungi akasema hajawahi kufurahia safari kama hii. Anataka harusi iwe mapema. Binti yangu anacheka, mke wangu anacheka. Mimi nimebaki na maboksi mawili matupu, kuku wanataga humo.

Funzo langu ni hili: mtoto akisema mwalimu kaagiza kitu, muulize kimetoka wapi kabla hajafika getini. Na sumaku usivute, telezesha.

Haya, na nyie shule ya mtoto wenu imewalia nini? Mnaojua sheria pia njooni, nataka kujua kama kuna namna ya kukata rufaa bila mkwe kujua.