Kuni za Kumpa Mama Pole

Juzi, kwenye duka la dawa pale Kanyenye, nilimwona msichana akitoa kipampu cha dawa ya pumu mkobani, akakivuta mara moja, kisha akaendelea kupiga soga na mwenzake. Nikamkumbuka mama.

Mama alikuwa na pumu. Kijijini kwetu, upande wa Kwihara, tuliiita baridi ya kifua, na dawa ya baridi ilikuwa moto. Alasiri moja, nikiwa bado mtoto, kifua kilimbana akashindwa kwenda shamba la kijiji. Asiyekwenda alipunguziwa mgao wa mavuno, kwa hiyo majirani walitaka apone upesi, na kila aliyekuja kumpa pole alikuja na kuni. Shangazi alifunga dirisha, akamketisha karibu kabisa na mafiga, akamfunika blanketi.

Nyumba nzima ilinuka moshi wa miombo. Kifua cha mama kililia kama mlango wenye bawaba kavu. Machozi yalimtoka, nami nikadhani ni ya furaha, kwa jinsi alivyopendwa.

“Wifi, nifungulie mlango,” alisema kwa shida.

“Tulia, wifi. Baridi itakuingia tena.”

Mama hakubishana. Alijikokota mpaka nje, akakaa chini akitweta. Nilimwonea huruma, nikachomoa kijinga cha moto jikoni nikampelekea.

“Ahsante, mwanangu,” akasema, akakipokea.

Nilipogeuka nyuma nilimwona akikifukia mchangani, taratibu, bila kelele. Niliamini anakitunza, kisije kikazimika.