Wanja wa Mahindi

Jumapili iliyopita nilikuwa nakwangua masizi ya sufuria. Ule unga mweusi ulivyonitelezea vidoleni, laini kama poda, nikajikuta nimerudi kando ya mto, nyuma ya fleti za Kariobangi, nikiwa na miaka tisa.

Mama alikuwa kibarua katika kiwanda cha biskuti kule Industrial Area. Alisimama kwenye mashine kutwa nzima, kisha akarudi nyumbani kwa miguu, nguo zikinukia vanila na jasho. Nilidhani akina mama wote hunukia hivyo. Kabla ya kupika alipitia kwanza kwenye kishamba chetu, mistari michache ya mahindi kati ya maji machafu na ukuta. Aliyelima karibu nasi ni Mama Halima, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyenipa chai na mahamri kila mama alipochelewa. Binti yake Halima alikuwa rafiki yangu.

Msimu huo mahindi yalirefuka vizuri, lakini yalipobeba, yalibeba vitu vya ajabu: vifupi, vimefura kama ngumi, bila hata ndevu. Mama alipasua kimoja kwa ukucha. Ndani hamkuwa na punje, ni unga mweusi mtupu.

"Fugwe," alisema. Alilijua gonjwa hilo tangu kwao Bungoma. "Nafula, kesho ukitoka shule yang'oe haya yote, uyatie kwenye gunia. Usiyapasue. Nikirudi tutayachoma. Huu unga ukimwagika, udongo unashika ugonjwa miaka na miaka. Umenisikia?"

Nilisikia. Kesho yake niling'oa kwa bidii, mpaka Halima alipokuja. Alichovya kidole kwenye hindi lililokuwa limepasuka, akajipaka kwenye kope.

"Wanja!" akasema.

Basi tukawa mabibi harusi. Tulihamia upande wa mama yake, palipokuwa peupe baada ya sukuma kung'olewa, tukayapasua mahindi moja baada ya jingine, tukapakana, tukapulizana, na vumbi jeusi likatua taratibu juu ya udongo wa watu.

Mama aliporudi, gunia halikuwa limejaa hata nusu. Aliitazama yunifomu yangu. Akachoma kilichokuwepo, kisha akaifua yunifomu.

Mvua zilizofuata mama alipanda maharagwe. Mama Halima alipanda mahindi, nayo yakafura vilevile. Jioni moja alikuja mlangoni kwetu, hindi moja amelifunga kwenye leso.

"Mama Nafula, mbegu nilinunua dukani, zimetiwa dawa. Hii imetoka wapi? Watu wa ploti wanasema umenirogea shamba."

Mama alikuwa ameketi, miguu ndani ya beseni ya maji ya chumvi. Alinitazama mimi.

"Si uchawi," alisema. "Ni ugonjwa, na umetoka kwangu. Sikuusafisha vizuri."

Akatoa miguu majini, akavaa ndala, akaandamana naye mpaka mtoni. Niliwafuata nyumanyuma. Mama aliyaonyesha maharagwe yake kwa mkono.

"Kuanzia hapa mpaka kwenye lile jiwe, ni yako."

Mama Halima alitembea mpaka kwenye jiwe, akarudi. Kisha akasema, "Msimu ujao tupande maharagwe sote." Asubuhi iliyofuata aliniita chai kama kawaida.

Nilingoja kichapo wiki nzima. Nilivaa hata sketi mbili, moja juu ya nyingine, nijikinge. Hakikuja. Nikaamua kwamba mama hakujua lolote, nikajiona mjanja.

Mwaka jana ndipo nilipomuuliza.

"Nilijua tangu nilipofua ile yunifomu," alijibu. "Ningekuchapa, lakini ingenibidi nisimame."

Tulicheka mpaka machozi. Lakini siku hizi mimi pia narudi kutoka kazini nimechoka hivyo, na binti yangu akikosea mara nyingi namwacha tu, naye anadhani nimemsamehe. Ndipo ninapoelewa kwamba jioni ile mama alikuwa amebakiwa na nguvu za safari moja tu, naye akazitumia kumsindikiza Mama Halima mtoni.