Mikono ya Mama

Harufu ya uji wa wimbi ikinikuta mahali popote, hata stendi, hunirudisha kijijini Susuni, jikoni kwa mama. Mimi ni kiziwi tangu homa ya utotoni, na kabla sijajua shule ni nini, mimi na mama tulikuwa na ishara zetu. Uji ulikuwa ngumi inayokoroga hewani. Baba alikuwa kitambi. Jirani yetu mmbea alikuwa vidole vinavyogongana kama mdomo wa bata, nasi tulicheka mpaka machozi naye amekaa palepale.

Nikapelekwa bweni, shule yenye kitengo cha viziwi. Huko nikajifunza Lugha ya Alama, na Kiswahili cha kusoma na kuandika. Ukikosea alama, mwalimu wetu alikushika mkono, akatikisa kichwa, kisha akakupanga vidole upya. Nilimpenda mno, nikataka kuwa kama yeye.

Likizo ya kwanza ya mwaka wa pili mama alinipokea kwa ngumi yake inayokoroga: utakunywa uji? Mimi, mtoto wa darasa la pili, nikamkamata mkono mbele ya wageni, nikatikisa kichwa, nikampanga vidole kwa alama ya shule. Shangazi alicheka. Mama akaingiza mikono ndani ya kanga.

Tangu siku hiyo alinionyesha vitu kwa kidevu tu. Nyumba ilijaa watu, midomo yao ikicheza Kikurya, nami nimekaa mlangoni sina wa kuongea naye. Jamani, siku zilikuwa ndefu! Nikamwandikia kaka yangu Marwa kwenye daftari: "Mama amenikasirikia?" Akamuuliza, akaandika: "Hapana. Anasema mikono yake haijaenda shule. Anaogopa atakuharibia masomo."

Nilijivuna kidogo, Mungu anisamehe. Desemba, upweke uliponizidi, nilimwendea nikamfanyia mdomo wa bata. Alitabasamu, kisha akamwita Marwa aje na daftari.

Sasa nafundisha watoto viziwi. Mzazi akija, swali langu la kwanza ni hili: nyumbani mnaongeaje? Wengi huona haya, nami huwabembeleza mpaka wanionyeshe. Utotoni nilidhani mama hajui lugha. Kumbe alikuwa ameitunga mwenyewe, kwa ajili yangu peke yangu, na mimi nikamwaibisha mbele za watu. Mpaka tunamzika, sikuwahi tena kuongea na mama bila mtu wa tatu katikati.